Shangazi na Mita ya Kaunta: Miaka Thelathini na Minane Dukani

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili alasiri, Shangazi atainua kile kipande cha kaunta kinachofunguka, atatoka upande wa wauzaji aje upande wa wateja, na hatarudi tena ng'ambo ile kwa kazi. Atakuwa amelitumikia duka letu miaka thelathini na minane na miezi minne. Nimeandika sentensi hizi mara tano tangu juzi, na kila mara kwa furaha na kwa hofu kidogo pia, maana Jumatatu atakayesimama pale ni mimi.

Kamati ya sherehe ilinipa ukurasa mmoja wa ratiba hii. Nimechukua kurasa tatu. Mpiga chapa amelalamika, mweka hazina amelalamika, dereva wetu naye ambaye hana hata sababu ya kulalamika amelalamika. Watanisamehe. Mtu hawezi kuuza misumari, vitenge, chumvi, tambi za taa na madaftari kwa karibu miongo minne, halafu akaagwa kwa ukurasa mmoja.

Kwanza jina. Wageni wetu wa leo wasishangae wakimsikia mzee wa miaka themanini akimwita Shangazi mwanamke wa miaka sitini. Alipoajiriwa, mwenye duka alikuwa ni mama mjane tuliyemwita Bibi, na wajukuu zake waliokuwa wakicheza nyuma ya magunia walimwita huyu binti mgeni shangazi. Wateja wakasikia, wakadaka. Ndani ya mwaka mmoja hakuna aliyekumbuka jina lake jingine. Kaka yake wa tumbo moja humwita Shangazi, na yeye humwitikia bila kucheka.

Vijana wa leo wanaoagiza vitu kwa simu wanaweza wasielewe duka hili lilikuwa nini, kwa hiyo nitajaribu kueleza. Sanduku la posta lilikuwa moja tu eneo zima, nalo lilikuwa la duka. Simu ilikuwa moja, nayo ilikaa kwenye rafu kati ya sabuni na mafuta ya kupaka. Matokeo ya mtihani yalibandikwa mlangoni kwetu. Anayetaka fundi, anayetaka shamba la kukodi, aliyepotelewa na mbuzi mwenye sikio lililokatwa, wote walikuja kwanza dukani, wakakaa kwenye benchi la barazani, na kabla hawajanyanyuka mara nyingi walikuwa wameshapata walichokitafuta. Iliwahi kuja barua iliyoandikwa juu ya bahasha maneno haya tu: "Kwa yule mwenye kofia, dukani." Siku hiyo kwenye benchi walikuwepo watu wanne wenye kofia. Shangazi aliitazama bahasha, akawatazama wale wanne, akampa wa tatu. Ilikuwa yake, imetoka kwa mdogo wake wa ng'ambo ambaye hawakuwa wamesikiana naye kwa miaka sita.

Na ustadi wake wa kuwaelewa wateja! Watu wa huku hawataji kitu kwa jina. Mteja anakuja, anaegemea kaunta, anasema anataka kile kitu cha kuzuia kile kingine kisitoke, kama kile alichonunua ule mwaka mvua zilichelewa. Mimi hapo huwa nimeshapotea. Shangazi huvuta droo ya tatu kutoka chini, anatoa washa, kile kipete cha raba cha bomba la nusu inchi, na mteja anashangaa kwa nini wengine tunahangaika. Kabati la droo lina droo mia moja na kumi na mbili na hakuna hata moja yenye maandishi. Alikataa katakata ziandikwe. Alisema zikiandikwa, mtu atasoma badala ya kufikiri.

Lakini nikiulizwa Shangazi alifanya nini cha kukumbukwa, sitaanza na droo. Nitaanza na kosa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa, tena akaniambia nisipoliandika hatakuja kwenye sherehe yake.

Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini. Ubao wa juu wa kaunta ulikuwa umeliwa na viwiko na magunia hadi ukawa na mabonde, basi Bibi akaleta ubao mpya, mzito, mzuri. Kwenye ubao wa zamani kulikuwa na misumari ya shaba iliyogongwa ukingoni kuonyesha robo mita, nusu mita, mita moja na mita mbili, na hiyo ndiyo iliyopima kila kitambaa, kila kamba, kila waya na kila kioo kilichouzwa hapa. Misumari ile iling'olewa, na Shangazi, binti wa miaka ishirini na nne mwenye nguvu na haraka zake, akaambiwa aigonge kwenye ubao mpya.

Fimbo ya mita ya duka ilikuwa imevunjika wiki hiyohiyo. Basi akatoka barazani, akamwomba fundi cherehani tepu yake. Fundi yule alikuwa ameivaa shingoni miaka kumi na tano. Ilikuwa imelowa mvua, imelowa jasho, imevutwa kwenye viuno vya wateja wanene na mabega ya wateja wabishi, mpaka kitambaa chake kikatanuka. Shangazi akailaza, akapima, akagonga. Misumari ikakaa wima na kung'aa, kila mtu akamsifu. Mita ya kaunta ikawa na sentimita mia moja na mbili, na hakuna aliyejua.

Sasa fikirieni. Sentimita mbili ni upana wa kidole gumba. Kwa gauni si kitu, tena wateja wetu walilisifu duka kwamba kitambaa cha hapa hakipungui. Ila mafundi wote wa huku, waashi kwa maseremala, walizoea kuja dukani na fimbo mpya, kuilaza kwenye kaunta, na kuchonga alama zake kwa kufuata misumari ya Shangazi. Milango, madirisha, vitanda, madawati ya shule, vyote vikazaliwa na mita ya kaunta. Na kwa kuwa kioo na komeo navyo vilikatwa na kupimwa kwenye kaunta ileile, kila kitu kiliingia mahali pake kama kawaida. Miaka ikapita.

Kitu pekee kilichoonekana si cha kawaida ni tepu za chuma. Bibi aliagiza boksi moja kutoka kwa muuzaji wa jumla mjini. Shangazi akaijaribu moja kwenye kaunta, akaona ni fupi. Akajaribu ya pili, fupi. Akazifunga zote, akazirudisha na barua kali kwamba duka letu haliuzi takataka. Muuzaji, maskini, akaomba radhi na kuleta boksi la kampuni nyingine. Nazo fupi! Zikarudi. Mara ya tatu muuzaji akaacha kuleta tepu kabisa. Huku kwetu ukawa msemo: mtu akikupunja, husemwa umepimiwa kwa tepu ya mjini.

Hali ilikuwa hivyo mpaka mwaka wake wa kumi na tisa, mwaka tuliojenga zahanati.

Hapa inabidi nimtambulishe mwashi aliyeijenga, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Ni baba yangu. Wengi wenu mnamjua, ni yule mrefu asiyependa maneno mengi, anayeligonga tofali moja mara mbili na kulisikiliza kabla hajaliweka. Baba hakuwa na shamba la maana wala mifugo. Alikuwa na jina. Watu walisema ukuta wake unaweza kuukagua kwa macho tu, na ni kwa jina hilo sisi watoto watano tulivaa, tukasoma, tukala.

Zahanati ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Kuta zilipanda vizuri. Muuguzi alikuwa ameshafika, amepanga chumba, na friji ya chanjo ilikuwa imehifadhiwa kwenye stoo yetu dukani, imefunikwa shuka, na Shangazi alikuwa akiifuta vumbi kila asubuhi. Kilichobaki ni paa. Kenchi za kubebea paa ziliundwa mjini, za chuma, urefu wa mita nane kamili kutoka ukuta hadi ukuta. Zilifika Alhamisi. Mvua ilikuwa inatarajiwa wiki ya pili yake, na kuta zile zilikuwa za matofali ya udongo, ambayo yakinyeshewa bila paa yanarudi kuwa udongo.

Wakapandisha kenchi ya kwanza. Haikufika. Upande mmoja ulikaa juu ya ukuta, upande wa pili ukabaki unaelea hewani, pungufu kwa sentimita kumi na sita. Wakajaribu ya pili, wakajaribu ya mwisho. Zote vilevile.

Msimamizi wa ujenzi, mgeni aliyekuja na kenchi, akatoa tepu yake ya chuma, akapima kati ya kuta. Akasema mwashi hajui kupima. Baba akasema tepu za mjini ni fupi, kila mtu anajua. Msimamizi alicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomuumiza baba kuliko maneno. Baba akachukua fimbo yake, akatembea kilomita mbili hadi dukani, akailaza kwenye kaunta mbele ya watu. Ikalingana na misumari bila kupungua wala kuzidi. Waliokuwa barazani wakasema mnaona, mnaona! Lakini msimamizi hakujali kaunta ya duka. Ijumaa asubuhi alitangaza kwamba Jumatatu ukuta mmoja utabomolewa, mwashi mwingine ataletwa, na jina la baba litaandikwa kwenye ripoti ili asipewe tena kazi yoyote ya umma. Kwa mtu mwenye jina tu, hiyo ilikuwa ndiyo kila kitu.

Ijumaa ile Shangazi hakuuza kitu kwa moyo. Wenzake wa wakati huo wanasimulia kwamba alikuwa anasimama, anaitazama misumari, anaondoka, anarudi. Akatoa karatasi ya plaiwudi stoo, ambayo kiwanda kilikuwa kimepiga mhuri wa vipimo vyake ubavuni. Akaipima kwenye kaunta. Pungufu. Hilo alilijua siku zote, na siku zote aliwaambia wateja kwamba viwanda vinapunja. Akapima kioo kipya, kikiwa bado na karatasi ya kiwanda kingine. Pungufu. Akapima bati. Pungufu. Kisha akakaa chini juu ya kreti ya sabuni, akaanza kucheka peke yake, kicheko kisichokuwa kizuri, mpaka Bibi akatoka ndani kuuliza kulikoni.

Shangazi akamwambia: "Bibi, viwanda vyote hivi haviwezi kukaa kikao vikakubaliana kunipunja mimi sentimita mbilimbili."

Akamweleza habari ya tepu ya fundi cherehani. Bibi hakuwa mtu mbaya, na naomba isomwe hivyo. Lakini duka lilikuwa maisha yake, na alijua watu watasemaje wakisikia kipimo cha duka ni cha uongo, wala hawatauliza kama kiliwazidishia au kiliwapunguzia. Akashauri misumari irekebishwe taratibu, mambo yakishapoa. Shangazi akamuuliza swali moja tu: yakishapoa kwetu, kwa mwashi yatapoa lini? Hatimaye Bibi akasema basi Jumamosi achukue gari la duka, maana akienda kwa miguu na hasira ile atafika ameshachoka kabla hajasema lolote.

Jumamosi asubuhi, baraza ikiwa imejaa watu mpaka ngazini, Shangazi alipanda juu ya kreti ileile na kusema kila kitu. Alisema mwaka, alisema tepu, alisema nani alishika nyundo. Hakusema "makosa yametokea". Alisema nilikosea. Kisha akapanda gari, na nusu ya benchi wakapanda nyuma yake bila kualikwa.

Mimi nilikuwa pale kwenye kuta, nina miaka kumi na minne, nimempelekea baba maji. Niliona gari la duka likija na vumbi lake, limejaa watu kama linapeleka harusi. Shangazi alishuka, hakusalimia, na huyo ni mtu anayesalimia hata paka. Akaomba tepu ya msimamizi kwa mkono mmoja na fimbo ya baba kwa mkono wa pili, akavilaza chini kwenye mchanga, kimoja kando ya kingine, ili kila mtu aone lile pengo la vidole. Akasema kwa sauti ya kaunta, ile inayofika mpaka kwenye kisima:

"Mwashi hakukosea. Amejenga kwa kipimo tulichompa. Kaunta ndiyo iliyokosea, na misumari ya kaunta niliigonga mimi. Kama kuna jina la kuandika kwenye ripoti, andika langu."

Msimamizi alipima mara mbili. Alipiga hesabu, sentimita mbili mara mita nane, na akafika kwenye kumi na sita zake kamili. Nikamwona anavua kofia. Baba alikaa juu ya rundo la matofali, akaitazama fimbo yake, hakusema neno. Wala baadaye hakusema.

Halafu ikaanza mbio ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia moyo unadunda! Siku tisa! Shangazi alikamata simu ya duka, akamtoa fundi wa kuchomelea mjini, akaja na mitungi yake, akaongeza vipande kwenye kila ncha ya kenchi. Baba akajenga vikono vya matofali ndani ya kuta ili kenchi zipate pa kuegemea zaidi, akifanya kazi tangu alfajiri na jasho likimchuruzika. Walimu wakaleta wanafunzi wa madarasa ya juu kusogeza matofali. Bibi mwenyewe, na ule umri wake, aligawa chai kwenye ndoo. Siku ya kumi mchana, bati la mwisho likiwa limepigwa msumari wa mwisho, wingu likafunguka. Tulisimama ndani ya zahanati yetu, watu sitini kwenye chumba cha watu ishirini, tukisikiliza mvua inavyopiga juu ya paa, tukishangilia kama watu tuliofunga goli.

Na tukizungumzia magoli. Habari ya mita ilipoenea, kila mmoja alirudi nyumbani kupima upya maisha yake. Mama mmoja akaelewa kwa nini mapazia aliyoshona kwa vipimo vya gazeti yaliburuza chini. Mwalimu mkuu akagundua kwamba vitanda vya bweni ni virefu kuliko mwongozo unavyosema, akakaa kimya kwa sababu vijana warefu walivipenda. Lakini aliyekuja mbio kuliko wote alikuwa golikipa wa zamani wa timu ya shule, aliyezomewa kwa miaka mitatu mfululizo. Goli letu lilipimwa kwa kamba ya dukani, na kumbe lilikuwa pana karibu sentimita kumi na tano kuliko inavyotakiwa. Alidai aombwe radhi rasmi. Shangazi alimwomba, kwa barua, na nakala ikabandikwa mlangoni kama matokeo ya mtihani. Leo golikipa yule ni mzee wa heshima na barua ameiwekea fremu.

Watu walitarajia misumari ing'olewe. Shangazi alikwenda na koleo, na wateja wakamzuia. Walimwambia nyumba zao zote zimejengwa kwa mita ile, kioo kikivunjika au bawaba ikikatika watapata wapi cha kulingana? Basi akagonga safu ya pili, ya chuma, sentimita mia moja halali, zilizohakikiwa na mtu wa vipimo aliyeitwa kutoka mjini. Tangu hapo kaunta yetu ina mita mbili. Shaba kwa nyumba za zamani, chuma kwa za sasa. Na Shangazi akawa anajua kichwani, nyumba kwa nyumba, dirisha kwa dirisha, ipi ni ya shaba na ipi ni ya chuma, na ipi ilianzwa na shaba ikamaliziwa na chuma kwa sababu mwenyewe aliishiwa na subira katikati.

Wale walioogopa kwamba duka litakimbiwa walikosea. Mwaka uliofuata wateja waliongezeka. Mjini kulikuwa na maduka yenye vipimo sahihi tangu mwanzo, lakini halikuwepo lenye mtu aliyesimama kwenye kreti akasema nilikosea. Muuzaji wa jumla naye alipata barua ya msamaha, ukurasa mzima, na akajibu kwa boksi la tepu la zawadi. Tepu zake tunaziuza mpaka leo, nazo ni sahihi.

Mimi niliajiriwa hapa miaka kumi na miwili iliyopita. Shangazi alinifundisha kwa kunisumbua. Ananiuliza nikiwa nimebeba debe: nyumba ya mkunga, dirisha la jikoni? Shaba. La sebuleni? Chuma. Nikikosea ananyamaza na kuniachia nikate kioo kisichoingia, nikipeleke mwenyewe kwa baiskeli, nione aibu mwenyewe, nirudi nacho. Nimerudi navyo vinne. Cha nne kilikuwa cha mwalimu mstaafu, ambaye alinipa somo la hesabu bure mlangoni kwake. Sasa nimezijua nyumba zote mia mbili na tisa, na juzi nilimsahihisha Shangazi kuhusu moja. Alibisha, tukaenda kupima, nilikuwa sawa. Alirudi akiruka njia nzima kwa furaha kuliko mimi.

Amefanya mengine mengi ambayo kurasa hizi hazitoshi. Ndiye aliyeanzisha kona ya mbegu ambapo mkulima huacha konzi ya yake na kuchukua konzi ya mwenzake. Ndiye aliyepigania benchi la barazani lisitolewe wakati mwanawe Bibi, bosi wetu wa sasa, alipotaka kuweka friji ya soda pale. Bosi amekiri hadharani kwamba benchi linaleta wateja kuliko soda. Amewazika wenzake wawili wa kazi, amewafundisha kazi wengine saba, na katika miaka yote hiyo amechelewa kufungua duka siku moja tu, siku aliyojifungua mwanawe wa mwisho, na hata hapo alituma funguo.

Nilidhani nimemaliza hapo. Jumanne nilimpelekea baba rasimu hii aisikilize. Mikono yake sasa inatetemeka, hajengi tena, macho nayo hayasomi maandishi madogo. Nilimsomea nikiwa na wasiwasi, kwa sababu katika miaka kumi na tisa sijawahi kumsikia akitaja siku ile. Amekuwa akipita dukani, anamsalimia Shangazi, ananunua misumari yake, anaondoka. Shangazi hakuwahi kudai zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa namkasirikia baba kimoyomoyo, nikiona ni kiburi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kuna jambo sijaliandika kwa sababu silijui. Ijumaa ile, baada ya tangazo la msimamizi, alikuwa ameshauza vifaa vyake. Mwiko, timazi, pima maji, nyundo, vyote, kwa mwashi wa upande wa pili wa mto, ambaye alikuwa avifuate Jumamosi adhuhuri. Alikuwa ameshaomba kazi ya ulinzi kwenye ghala moja mbali sana na hapa, mahali ambapo hakuna anayemjua. Hakumwambia mama. Alikusudia kutuaga Jumapili.

Gari la duka lilifika saa tatu asubuhi. Mwashi wa ng'ambo ya mto alipofika adhuhuri, alimkuta baba juu ya ukuta akifanya kazi, akaelewa mwenyewe, akavua shati akapanda kumsaidia.

Nilimuuliza baba kwa nini hakumshukuru Shangazi miaka yote hii. Akasema kila alipojaribu maneno yalikuwa madogo, akaona bora ajenge, na kila alipomaliza nyumba alikuwa anapita dukani kununua misumari ambayo haihitaji, ili tu amwonyeshe kwamba bado yupo kazini. Tuna ndoo nzima ya misumari uvunguni. Akaniomba niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisiyapambe, basi haya hapa:

"Mwambie Shangazi tangu siku ile nimejenga nyumba arobaini na moja. Zote zimesimama, zina watu ndani. Mwambie ahsante."

Shangazi, nimekuambia. Ijumaa saa kumi baba atakuwa kwenye benchi la barazani, mapema kama kawaida yake, amevaa shati jeupe, na safari hii hatanunua kitu. Sisi sote wa dukani, na wa nyumba mia mbili na tisa, tunakutakia afya, usingizi mnono wa asubuhi usioijua saa ya kufungua, na maisha marefu, mema, yenye kicheko. Karibu upande wa wateja. Ukija Jumatatu utahudumiwa na mimi.